Mhariri, uyoga ule si wa kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme jambo kuhusu picha. Na habari iliyoambatana nayo sina ugomvi; ilikuwa ya huzuni, ilihusu familia iliyougua baada ya kula uyoga uliochumwa porini huku kusini, na mwandishi wake aliiandika kwa staha. Lakini juu ya habari hiyo iliwekwa picha ya uyoga mwekundu kama pilipili mbivu, wenye madoa meupe kofiani, umesimama juu ya majani makavu ya mti ambao sijauona katika msitu wowote wa mkoa uliotajwa. Magazeti mengine hufanya vivyo hivyo, nami nimeyaona kwa miaka mingi, kwa hiyo silielekezi lawama gazeti lako peke yake. Nasema tu kwamba uyoga ule si wa kwetu, na kwamba kosa hilo, likichunguzwa vizuri, ni letu sisi wachoraji na wapiga picha kabla halijawa la chumba chako cha habari.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa uchoraji. Tangu nilipokabidhi chaki, kila mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka huchukua kamera yangu ndogo, daftari na penseli, nikaenda porini nje kidogo ya mji wa Songea kutafuta uyoga. Si wa kupika, ingawa nao nikiupata kwa watu ninaowaamini siukatai, bali wa kuutazama. Asubuhi moja mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani alinikuta nimelala kifudifudi mbele ya kichuguu, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akauliza: "Mwalimu, kumbe na mboga nayo hupigwa picha?" Nilicheka, lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu lilikuwa limesema kwa maneno machache hali nzima ninayotaka kuieleza. Kwetu uyoga ni mboga, au ni sumu, au ni tamathali ya waandishi wanaposema kwamba baa na vyuo visivyosajiliwa vinachipuka kama uyoga. Kitu cha kutazamwa haujawa bado.

Niuzungumzie kwanza ule mwekundu, maana una historia yake. Wataalamu wanauita Amanita muscaria, na makao yake ya asili ni misitu ya kaskazini mwa dunia, ambako huishi kwa ushirika na mizizi ya misonobari na miti mingine ya baridi; Afrika Kusini unaonekana leo kwa sababu ulisafiri na misonobari iliyopelekwa huko. Madoa yake meupe ni mabaki ya utando unaoufunika uyoga ungali mchanga, na mvua kubwa ikiupiga unaweza kuyapoteza, hivi kwamba hata huko kwao mtu anayeutambua kwa madoa peke yake anaweza kupotea. Wajerumani huuchora katika kadi za mwaka mpya kama ishara ya bahati njema. Vitabu vya hadithi za watoto wa Ulaya vimejaa kofia zake, na katika simu zetu za mkononi alama ndogo ya uyoga ni huo huo. Kwa hiyo mhariri wa picha aliyebanwa na saa za kwenda mitamboni, akiandika neno "uyoga wa sumu" katika ghala la picha la mtandaoni, hupewa huo, naye hana kosa kubwa la kuupokea. Umepigwa picha na kuchorwa kwa karne kadhaa, wakati ule unaoota nyuma ya nyumba zetu haujapigwa.

Madhara yake hata hivyo si madogo. Msomaji anayeona picha hiyo mara kwa mara hujifunza, bila kuambiwa, kwamba sumu huvaa nyekundu. Uyoga unaoongoza kwa kuua watu duniani, Amanita phalloides, una rangi hafifu ya kijani iliyochanganyika na manjano, wakati mwingine karibu nyeupe, na umbo nadhifu lisilomtisha mtu yeyote. Kwa upande mwingine, katika misitu ya miombo kuna uyoga wa jamii ya Cantharellus, wenye rangi ya manjano ya kiini cha yai au ya chungwa lililoiva, ambao akina mama huuchuma na kuuza kando ya barabara kila msimu wa mvua, na watu wameula kwa vizazi. Mtu anayefuata somo la picha yako atauogopa huu wa chungwa na kuuamini ule mweupe. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba picha ya uyoga ni pambo la kujaza nafasi.

Wapo watu waliowahi kuutazama kitu hiki kwa macho ya msanii, na wawili kati yao nimewazungumzia sana darasani. Wa kwanza ni Mholanzi wa karne ya 17, Otto Marseus van Schrieck, aliyefariki mwaka 1678. Wenzake walipokuwa wakichora maua mezani na mabakuli ya matunda, yeye alishuka hadi sakafu ya msitu, akachora gizani uyoga, vyura, nyoka, vipepeo na majani yaliyoliwa na wadudu. Wachoraji wenzake walimpachika jina la utani lenye maana ya mnusaji, kwa sababu alikuwa akinusanusa kila mahali kutafuta viumbe hao. Kila nikitazama nakala za kazi zake huona kwamba siri yake ilikuwa urefu wa jicho: alichora kana kwamba ana urefu wa chura. Mpiga picha wa uyoga anayebaki amesimama, akaelekeza simu chini kama anayepiga picha ya risiti, hatapata kitu zaidi ya duara.

Wa pili ni Beatrix Potter, Mwingereza ambaye dunia inamfahamu kwa hadithi za sungura. Kabla ya hadithi hizo alikuwa amechora mamia ya picha za uyoga kwa rangi za maji. Mwalimu wake hakuwa profesa. Alikuwa tarishi wa posta wa Scotland aliyeitwa Charles McIntosh, mtu aliyeijua mimea kwa kutembea nayo, ambaye alimtumia sampuli kwa barua na kumshauri namna ya kuchora ili mchoro uwe na manufaa kwa wanasayansi: uyoga mzima, na kando yake ule uliopasuliwa kati kwa kati, ili sehemu zote zionekane. Mwaka 1897 utafiti wake kuhusu kuota kwa vijimbegu vya uyoga uliwasilishwa mbele ya Linnean Society ya London, chama cha wataalamu wa mimea na viumbe, lakini si kwa mdomo wake, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano hiyo. Utafiti huo haukuchapishwa. Michoro ilibaki, na mwaka 1967, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake, mtaalamu wa kuvu aliitumia hamsini na kitu katika kitabu cha kutambulia uyoga wa Uingereza. Nimetaja habari hizi kwa kirefu kwa sababu zinanionyesha kwamba mchoro uliofanywa kwa uaminifu hauhitaji kibali cha mtu ili uje kuwafaa wengine, na kwamba tarishi na binti asiye na shahada waliweza kuifanya kazi ambayo sisi tunaisubiri ifanywe na taasisi.

Sisemi kwamba kwetu hakuna kilichofanyika. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Finland, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Leonard Mwasumbi, walitoa kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, unaoliwa na usioliwa, na ndani yake mna majina ambayo watu wa vijijini wanautambulia uyoga huo katika lugha zao. Mmojawapo wa uyoga wa nchi hii umepewa jina la kisayansi linalotokana na Masasi. Ni watu wangapi wa Masasi wanaoufahamu huo wajina wa mji wao? Sayansi imetangulia, sanaa ndiyo iliyobaki nyuma, na jambo hili linanishangaza zaidi ninapokumbuka mahali walikotoka wasanii wetu mashuhuri.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, katikati ya nchi ya miombo, ambako mvua zikianza uyoga hujaa chini ya miti kuliko mchumaji awezavyo kubeba. Alipokwenda kutafuta kazi alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako juu ya marundo ya mabaki ya mkonge huota uyoga mwembamba wa kijivu ambao kofia yake, ikishakomaa, huyeyuka yenyewe na kuwa maji meusi kama wino. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, alituachia twiga, tembo, chui na ndege, na wanafunzi wake wameendelea na hao hao hadi leo. Simlaumu marehemu, mteja alikuwa mtalii, na mtalii alitaka twiga. Lakini nimepita katika vibanda vya wachoraji mara nyingi, nikauliza kama kuna picha yenye uyoga, na hadi leo sijaoneshwa hata moja, ingawa sijui ni kitu gani kingeifaa zaidi mikono ile iliyozoea duara, nukta na rangi kali zisizochanganywa.

Nao wabunifu wa kanga wametupa korosho, maembe, mananasi na tausi. Geuza kofia ya uyoga wa kichuguu uitazame kwa chini: vijipande vyembamba, ambavyo mimi huviita matamvua kama yale ya samaki, vimetoka katikati na kutawanyika hadi ukingoni kwa mpangilio ambao hakuna bikari inayoweza kuuiga. Huo ni mji wa kanga uliokamilika. Ungebaki pindo na jina, na majina Waswahili hatujawahi kupungukiwa.

Kuhusu kichuguu chenyewe naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye picha bora ninazozijua. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa ni wakulima. Hutafuna nyasi na miti mikavu, wakajenga kwa mabaki hayo masega ndani kabisa ya kichuguu, na juu ya masega huotesha kuvu wa jamii ya Termitomyces, ambaye huwalainishia chakula wasichoweza kukimeng'enya peke yao. Mvua zikifika kuvu huyo hutuma shina refu kupitia udongo mgumu, na kofia yake ina ncha kama ya msumari kwa ajili ya kazi hiyo ya kutoboa. Ikishafika juu hufunguka kama mwavuli. Zambia kuna aina ambayo kofia yake hufikia mita moja kwa upana, kiasi kwamba mtoto anaweza kujikinga nayo mvua. Na ushirika huu ni wa kale kuliko tunavyodhani: katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, yalipatikana mabaki ya vichuguu vilivyogeuka mawe, masega ya kuvu yangali ndani yake, ya umri wa takriban miaka milioni 25, na matokeo ya uchunguzi huo yakachapishwa mwaka 2016. Kwa hiyo uyoga anaouchuma mama wa Sumbawanga asubuhi una jamaa waliolimwa na mchwa kabla mtu yeyote hajatembea juu ya ardhi hiyo. Ikiwa jambo hilo halimvutii mpiga picha wa gazeti, basi sijui ni nini kitamvuta.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vya gharama, na ningependa vijana wenye simu nzuri walisikie hili. Fika alfajiri, kwa kuwa uyoga mwingi laini hukua usiku mmoja kwa kunywa maji na kuvimba, na ifikapo jioni ya siku ya pili au ya tatu konokono, funza na jua vimeshaumaliza. Lala chini. Mwanga wa chini ya miti ni mdogo na simu hutikisika, kwa hiyo iegemeze juu ya kifuko cha mchanga, na upande ulio na giza simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga. Taa ya simu izimwe kabisa, kwa sababu huugeuza uyoga kuwa kama sahani ya plastiki. Ili kuona matamvua bila kung'oa, weka kioo kidogo cha kujitazamia ardhini, kisha piga picha ya kioo. Weka sarafu ya shilingi 200 kando katika picha moja ili ukubwa ujulikane, kisha iondoe, maana sarafu katika kila picha huchosha. Andika mahali, tarehe, mti ulio karibu, na harufu; ndiyo, harufu, kwa sababu kamera haiwezi kuinasa na daftari linaweza. Na tafadhali usilete maua ya nyumbani kuupambia. Nimewahi kuona picha ya uyoga wa kinyesi cha ng'ombe uliozungushiwa waridi, nikauonea huruma.

Asiye na simu wala kamera anayo njia nyingine ambayo niliipenda kuliko zote nilipokuwa darasani. Kata shina la uyoga uliokomaa, laza kofia yake juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu ni nyeusi, ifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Asubuhi utakuta vijimbegu vimeanguka kama vumbi na kuchora matamvua yote, mstari kwa mstari, kana kwamba uyoga umejipiga chapa wenyewe. Uyoga wa kichuguu huacha rangi inayoelekea waridi hafifu. Ule mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unaojitokeza katika viwanja vya nyasi baada ya mvua, Chlorophyllum molybdites, huacha rangi ya kijani, na ni vyema ikajulikana kwamba huo huwatapisha na kuwaharisha vibaya watu wanaoudhania ni wa kula. Ile jamii ya Amanita yenye wauaji huacha nyeupe, lakini uyoga mwingi usio na madhara nao huacha nyeupe, kwa hiyo mtu asije akageuza mchezo huu wa karatasi kuwa mwongozo wa jikoni. Kwa kawaida kuushika uyoga kwa mkono hakudhuru, sumu yake hufanya kazi ikiliwa. Hata hivyo niliwanawisha wanafunzi wangu kila mara, nao walilalamika kila mara.

Hapo ndipo ninapofikia ombi langu kwako, Mhariri. Fungua nafasi ndogo, hata robo ya ukurasa kwa wiki, wakati wa mvua, ambamo wapiga picha na wachoraji wa mikoani wataleta uyoga wa kwao, kila picha ikiwa na jina la mahali, mwezi, na jina ambalo wenyeji wanautambulia uyoga huo. Walipwe, hata kama ni kidogo, kwa sababu msanii anayelipwa kwa kushukuriwa hurudi kuchora twiga. Usiruhusu neno "unaliwa" liandikwe chini ya picha yoyote. Picha moja haitoshi kumthibitishia mtu chakula, na wale wanaoujua uyoga wa kula huujua kwa mikono na kwa miaka mingi ya kuandamana na mama zao. Na habari ya sumu ikitokea tena, Mungu apishe mbali, mtumie mpiga picha wako wa mkoa aende mahali penyewe akapige kilichoota pale, au kama hakuna kilichobaki, apige picha ya kapu tupu na kichaka ulikochumwa. Msomaji atakuelewa.

Wapo watakaosema kwamba nchi ina mambo mazito kuliko uyoga. Nimewasikia, na baadhi yao ni wanangu. Ila uyoga mwingi wa miombo hauoti pasipo miti yenyewe, kwa kuwa nyuzi zake chini ya ardhi zimeshikana na mizizi, na mahali palipochomwa mkaa ambapo nilikuwa nikipiga picha za ule wa chungwa kila mwezi wa Januari sijauona tena kwa misimu mitatu. Picha zake ninazo. Ndizo zilizobaki za mahali pale.

Pamoja na barua hii nimeambatisha picha nne na mchoro mmoja, ambavyo unaruhusiwa kuvitumia bila malipo mara hii ya kwanza. Nyuma ya kila kimoja nimeandika mahali na tarehe. Katika picha ya tatu kofia imeliwa na konokono upande wa kushoto, naye konokono mwenyewe anaonekana kidogo kwenye ukingo. Nakuomba usimkate ili kupata nafasi ya tangazo.

Wako katika kazi,
Mwalimu mstaafu wa uchoraji,
Songea